UZI: Kwa nini Amu "imejaa" na papo hapo "ina ardhi tele"

1/ Kila msimu wa kampeni, Lamu husikia sentensi mbili. Ya kwanza husemwa pale Mkunguni, mbele ya ngome: "Mji umejaa, watoto wetu hawana pa kujenga." Ya pili husemwa jioni ya siku hiyo hiyo ng'ambo ya maji, Mokowe au Hindi: "Lamu ina ardhi tele, tutawapa hati." Mara nyingi mdomo ni ule ule, na boti ni ile ile.

2/ Kwani zote mbili zinaweza kuwa kweli? Ndiyo, zinaweza. Lakini huwezi kuelewa vipi bila kurudi nyuma kama miaka 200. Huu ni uzi wa historia. Sitaji mwanasiasa wala chama, na ukiyataja kwenye maoni sitakujibu. Nasoma sayansi ya siasa, na mimi ni mtoto wa Amu, kwa hivyo nina upande. Nitawaambia upande wangu mbele huko.

3/ Tuanze na vipimo. Mji Mkongwe wa Lamu ulioandikwa na UNESCO kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 ni takriban hekta 16. Hizo ni kama viwanja 22 vya mpira. Ndani ya hapo weka nyumba za mawe, misikiti, madrasa, maduka, ngome, soko, punda na watu. Hakuna gari linalopita. Punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni, mmoja lazima ajibanze ukutani.

4/ Watu husema mji ulibanana kwa sababu wazee hawakupanga. Si kweli. Mbano ule ulipangwa. Tazama chumba chochote cha nyumba ya zamani Mkomani: ni kirefu lakini chembamba, upana wake haufiki mita 3 au unazipita kidogo tu. Sababu ni boriti za mkoko. Boriti ikizidi urefu fulani haibebi dari la mawe na chokaa. Kwa hivyo mti wa mkoko ndio uliotoa kipimo cha chumba, na chumba kikatoa kipimo cha mtaa.

5/ Ukitaka nafasi zaidi, hupanui. Unapanda juu. Na ukishapanda, unavuka: unajenga wikio, chumba kinachopita juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba. Chini wanapita watu na punda, juu wanapita wanawake wa ukoo mmoja kutembeleana bila kushuka njiani. Wataalamu wa mipango miji leo wangesema "matumizi bora ya ardhi". Bibi zetu walisema wikio tu.

6/ Na kwa nini ukoo mmoja ukae karibu hivyo? Kwa sababu ya mabinti. Desturi ya familia za nyumba za mawe ilikuwa binti akiolewa apewe pa kukaa, na mume ndiye anayehamia kwake. Baba mwenye uwezo alijenga orofa juu ya nyumba yake au akajenga ubavuni. Nyumba ikakua kwa kila harusi. Ukiona jengo la orofa tatu Mkomani, unaona vizazi vimekaa kimoja juu ya kingine.

7/ Sasa sehemu ambayo hatupendi kuisema. Nyumba za mawe hazikuwa za kila mtu. Zilikuwa za waungwana na wafanyabiashara. Wengine waliishi nyumba za udongo na makuti, hasa upande wa kusini na pembezoni mwa mji. Na wale waungwana hawakubanana kwa kukosa ardhi. Walikuwa na mashamba bara, ng'ambo ya maji, yaliyotoa mtama na ufuta wa kuuza nje. Waliolima mashamba yale walikuwa watumwa.

8/ Yaani mji uliweza kuwa mdogo kwa sababu shamba lake lilikuwa kwingine na jasho lilikuwa la mwingine. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907, uchumi ule ulivunjika. Mashamba mengi yakarudi msitu. Mji ukabaki na kuta zake nzuri, bila lile lililokuwa likizilipia.

9/ Mwaka mmoja baadaye, 1908, serikali ya kikoloni ikaleta Sheria ya Hati za Ardhi ya pwani. Kwa ufupi: mwenye ardhi aje adai, athibitishe, apewe hati. Ambayo haikudaiwa ikathibitishwa ikahesabiwa mali ya Taji la Uingereza. Andika tarehe hii mahali. Ugomvi mwingi mnaousikia leo ulizaliwa hapo.

10/ Nani angeweza kudai? Mwenye karatasi, mashahidi, na muda wa kufuata ofisi. Nani hakuweza? Mbajuni aliyelima bara msimu huu hapa, msimu ujao pale, kwa makubaliano ya kijiji. Mwaweer aliyeishi msituni kwa asali na uwindaji. Kwao ardhi ilikuwa ya wote, na sheria ile haikuwa na safu ya kuandika "wote". Wakawa wageni kwenye ardhi waliyozaliwa.

11/ Uhuru 1963. Ardhi ya Taji ikageuka ardhi ya Serikali. Jina lilibadilika, kabati la mafaili likabaki lile lile. Na papo hapo vikaja vita vya shifta, vya 1963 hadi 1967. Vijiji vya Wabajuni bara na kaskazini vikakimbiwa. Watu wakaingia Lamu na visiwa vingine na walichoweza kubeba. Wengi walijenga pembezoni mwa mji, nyumba za makuti, "kwa muda".

12/ "Kwa muda" hiyo ina miaka zaidi ya 50 sasa. Ndiyo sehemu ya chanzo cha mitaa ya juu na ya pembeni kupanuka: Gadeni, Wiyoni, Bajuri na kwingineko. Mtu akikwambia mitaa ile ilijengwa ovyo na watu wasiojua mji, muulize: walikuwa na mahali gani pengine pa kwenda?

13/ Miaka ya 1970 serikali ikaanzisha makazi ya walowezi bara, eneo la Ziwa Kenyatta, Mpeketoni. Familia zisizo na ardhi kutoka sehemu nyingine za nchi zikapewa mashamba. Tafadhali tusome hapa taratibu. Wale nao walikuwa maskini wasio na shamba, na wamelima ardhi ile kwa mikono yao. Kosa halikuwa lao. Swali ni kwa aliyegawa: kwa nini waliokimbia vita hawakurudishwa kwanza, au hata kuulizwa?

14/ Swali likikaa bila jibu, huja mtu mwingine akalijibu kwa njia mbaya. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na zaidi ya watu 60 wakauawa. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizodaiwa kupewa ardhi ya Lamu kinyume cha sheria. Jumla: ekari 500,000.

15/ Rudia kusoma. Ekari 500,000 ni zaidi ya hekta 200,000. Mji Mkongwe ni hekta 16. Wakati sisi tunagombana na majirani juu ya dirisha na mfereji wa maji machafu, kampuni 22 ziliandikiwa ardhi inayozidi mji wetu zaidi ya mara 12,000. Ndiyo maana nasema sentensi mbili za tweeti ya kwanza ni kweli zote. Mji umejaa. Ardhi ipo. Haikuwa imeandikwa jina lako.

16/ Turudi mjini. Hoja nyingine ya kampeni: "Makumbusho ndio wanaotuzuia kujenga." Ina ukweli wake. Mji Mkongwe ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na ukatengenezewa mpango wa uhifadhi. Ukitaka kubomoa, kuongeza orofa au kubadilisha sura ya nyumba, unahitaji kibali. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ikaongeza nguvu.

17/ Hasara yake mtu wa kawaida anaijua: kutengeneza kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti ni ghali kuliko matofali ya saruji na bati. Unaambiwa nyumba yako ni urithi wa dunia, lakini fundi analipwa na wewe, si dunia. Ukikaa kimya dari linaanguka. Ukiweka bati, umevunja sheria.

18/ Lakini fikiria upande wa pili. Tuseme kibali kimeondolewa kesho na kila mtu apandishe orofa tano. Kuta za matumbawe na chokaa hazikukusudiwa kubeba nguzo za zege. Zanzibar walituonyesha uzito wa jengo la zamani: Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, na watu wakafa. Hilo ni jengo maarufu lililokuwa kwenye matengenezo. Nyumba ya mjane Mkomani nani ataikagua?

19/ Na kuna kitu kikubwa kuliko ukuta: maji. Maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya mchanga wa Shela. Mvua inanyesha kwenye vilima vile, mchanga unaichuja, visima vinaivuta. Hakuna mto, hakuna ziwa. Mjini kwenyewe mashimo ya vyoo na visima vya zamani vimekaa karibu karibu. Ukiongeza orofa unaongeza vyoo na mabomba, lakini kilima cha mchanga hakiongezeki.

20/ Sasa unajua kwa nini watu hupandwa na hasira wakisikia ploti zimegawanywa kwenye vilima vya Shela. Si ushamba wala kupinga maendeleo. Kujenga juu ya vilima vile ni kujenga juu ya tangi la maji la mji mzima. Mwenye jumba la kifahari ataweza kununua mashine ya kusafisha maji ya bahari. Wewe na mimi tutabeba madumu.

21/ Na hili lishawahi kutokea jirani. Vuka Manda utazame magofu ya Takwa: msikiti, ukuta wa mji, misingi ya nyumba. Watu waliishi pale, kisha katika karne ya 17 wakahama. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji kuwa ya chumvi. Wazee wa Shela wanasema asili yao ni kule. Mji unaweza kuwa na ardhi, mawe na msikiti mzuri, maji yakaukosesha kila kitu.

22/ "Basi tujaze bahari." Hii nayo si mpya. Ngome ilipojengwa, kati ya 1813 na 1821 hivi, ilikuwa karibu na ufuo. Leo kati yake na maji kuna safu ya majengo na barabara ya gati. Ardhi ile ilizaliwa kwa kujaza ufuo, na nyumba za wafanyabiashara zenye baraza ndefu zikasimama juu yake. Tofauti ya leo ni kwamba Katiba ya 2010 inasema sehemu kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Ukiona mtu anajenga ukuta pale, uliza kibali. Ni haki yako.

23/ Sasa jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye jukwaa lolote: je, mji kweli umejaa wote? Tembea Mkomani saa tatu usiku uhesabu taa. Tangu miaka ya 1970, na kwa kasi zaidi baadaye, nyumba za mawe zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya na matajiri wa Nairobi. Nyingine zimetengenezwa vizuri sana, tuseme ukweli, na mafundi wetu wamepata kazi. Lakini nyumba iliyokuwa na familia tatu sasa ina mlinzi, paka, na mwenyewe anayekuja likizo.

24/ Pembeni ya nyumba hiyo kuna gofu. Dari limeanguka, mpapai umeota ndani. Mara nyingi si kwamba halina mwenyewe. Lina wenyewe wengi mno. Warithi wako Mombasa, Nairobi, Jeddah, Muscat, na hakuna anayeweza kutengeneza wala kuuza bila wengine. Kwa hiyo katikati ya mji uliojaa tuna nyumba tupu na magofu, na kilimani Gadeni watu wanalala watano chumbani chini ya makuti, wakiogopa moto.

25/ Hapa ndipo upande wangu. Nyumba ya bibi yangu iko Mkomani. Warithi ni 14. Ukigawa vyumba, kila mmoja anapata ukuta. Dari la msana wa juu limeanza kuinama, tumelitegemeza kwa nguzo. Idd iliyopita dalali alileta bei, na mjomba akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Nilipiga hesabu: fungu la mama halitoshi kununua ploti Wiyoni.

26/ Mama hakusema kitu mpaka chai ikaisha. Kisha akasema, "Orofa ile ilijengwa nikae mimi. Nikishuka hapa, wajukuu zangu watakuja Amu kama wageni, walipe chumba." Mjomba akamjibu, "Na dari likituangukia?" Wote wawili wana haki. Hatujaamua bado. Nimeandika uzi huu kwa sababu nimechoka kusikia swali lao likijibiwa kwa kipaza sauti cha dakika mbili.

27/ Na muda unakimbia. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 katika kaunti nzima. Ya 2019 ikahesabu 143,920. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 kwa miaka 10. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa 2012 na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Kililana Mei 2021. Tangu bandari itajwe, bei ya ardhi bara imebadilika, na madalali wamefika kabla ya mabomba ya maji.

28/ Wenzetu walifanyaje? Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, waliamua kujenga Ng'ambo badala ya kubana Mji Mkongwe. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yakasimama. Mazuri? Watu wanabishana mpaka leo: kuna waliopata nyumba, kuna waliobomolewa za kwao. Lakini angalau kulikuwa na jibu la wapi mtu ataishi. Sisi tuna mpango wa kuhifadhi kuta. Wa kuhifadhi wakaazi hatuna.

29/ Kwa hivyo msimu ujao mtu akisimama Mkunguni, nendeni na maswali haya:
• Akisema "mji umejaa", muulize: nyumba tupu na magofu mangapi yako ndani ya zile hekta 16, na ana njia gani ya kuwasaidia warithi wapatane au watengeneze?
• Akisema "tutaondoa vikwazo mjenge juu", muulize: maji yatoke wapi na maji taka yaende wapi?

30/
• Akisema "tutagawa hati", muulize: hati za ardhi gani, namba gani, na nani yuko juu yake sasa hivi? Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, Kifungu cha 63 cha Katiba. Haiwezi kuwa zawadi ya kampeni, kwa sababu si mali yake kuitoa.
• Akisema "wageni ndio shida", muulize: aliyetia sahihi mauzo na migao ni nani? Mara nyingi mgeni hakuja na kalamu.

31/ Maoni yangu, na mnaweza kuyapinga. Vilima vya Shela visiguswe kabisa. Kuwe na mfuko wa kukopesha familia zitengeneze nyumba zao za mawe kwa chokaa na boriti, kwa sharti moja kwamba wakaazi wabaki ndani. Wiyoni, Gadeni na mitaa ya juu ipimwe, ipewe njia pana za kuzimia moto na mabomba, na waliomo wapewe hati kabla dalali hajafika. Na bara, wanaodai vijiji vya kabla ya shifta wasikilizwe bila kumfukuza mkulima wa Mpeketoni.

32/ Najua mtauliza pesa. Ni swali zuri. Lakini nchi iliyoweza kuandika ekari 500,000 kwa kampuni 22 ina karani, ina wino, ina mhuri. Haikosi uwezo wa kuandika ploti ya mita 10 kwa 12 kwa jina la mjane wa Gadeni.

33/ Nimefika mwisho. Wa Amu, Pate, Siyu, Faza, Kiunga, Mokowe, Hindi na Mpeketoni: nisahihisheni nilipokosea, hasa wazee mnaoikumbuka miaka ya shifta. Mkiwa na bibi au babu aliyehama wakati ule, mrekodini wiki hii. Uzi ujao nitaeleza wakfu: nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu, na kwa nini kila anayeomba kura hukwepa kuyataja. Nami nikirudi nyumbani Idd, nitawaambia dari limeamuliwaje.